Jinsi ya kuisoma akche ya Crimea: visarafu vya fedha vya akina Giray, hatua kwa hatua

Haya, wale mnaoniuliza kila mara kuhusu vile visarafu vidogo vya fedha vyenye maandishi ya Kiarabu yaliyokatika katika, ambavyo wauzaji wa mtandaoni wanaviandika tu "sarafu ya Kiislamu, karne ya 16 au 17" halafu basi, leo naandika yote mara moja ili nikiulizwa tena niwarushie hii. Nazungumzia akche za Ufalme wa Makhan wa Crimea, ile rasi iliyoingia Bahari Nyeusi, kwa ukoo wa Giray waliotawala kuanzia miaka ya 1440 mpaka Urusi ilipoimeza nchi yao mwaka 1783. Na niseme mapema kabisa, mtu aliyekaa chuoni akasoma juzuu mbili tatu ana mtaji mkubwa kwenye hizi sarafu kuliko mzungu mwenye maktaba nzima, kwa sababu yeye anaanza na herufi na wewe herufi unazo tayari. Kinachobaki ni kujua zinapangwaje na zinakatwa wapi.

Kwanza ujue unashika nini

Hizi hazikutoka kwenye mashine. Fundi anapasua fedha iliyofuliwa ikawa nyembamba, anakata vipande vidogo, anaweka kipande juu ya muhuri wa chuma uliokitwa chini, anashika muhuri mwingine kwa juu, nyundo inashuka mara moja, imekwisha, anaweka kingine. Kwa hiyo usitegemee mduara. Nyingine ina pembe, nyingine imepasuka ukingoni, nyingine nyundo imeshuka upande kwa hiyo nusu ya maandishi yamekolea na nusu hamna kitu. Na jambo linalowachanganya wengi ni kwamba muhuri mara nyingi ulikuwa mkubwa kuliko kipande cha fedha, yaani hata sarafu ikiwa nzima na haijalika popote, bado hutapata maandishi yote. Sarafu moja inakupa kipande cha jina, nyingine ya muhuri uleule inakupa kipande kingine, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ukubwa wake ni kama kucha ya kidole kidogo, milimita 10 mpaka 15 hivi, na uzito mwingi uko chini ya gramu moja. Ukiambiwa akche ya Giray halafu ikaja ya gramu 5, hiyo ni kitu kingine. Isipokuwa za Şahin Giray, khan wa mwisho, yeye alileta mitambo ya kizungu pale Kefe, mji wa pwani ya Crimea, akawa anapiga sarafu kubwa za kisasa, za shaba na za fedha, zenye mwaka 1191 wa Hijria. Hizo ni dunia nyingine, na mwongozo huu haugusi huko.

Vifaa

Huhitaji vingi. Mizani ya sonara inayosoma mpaka 0.01 ya gramu, zile ndogo za betri zinazouzwa kila mahali. Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Rula ya milimita au kalipa. Taa moja unayoweza kuisogeza. Simu yenye kamera nzuri. Karatasi na penseli, na hii penseli usiidharau, nitakwambia kwa nini.

Taa usiiweke juu ya sarafu, hapo itang'aa tu usione kitu. Ilaze chini pembeni, mwanga upite juu juu ya uso wa sarafu, herufi zitoe kivuli. Kisha zungusha sarafu polepole huku taa imetulia, utashangaa herufi ambazo hazikuwepo zinajitokeza. Piga picha nne tano mwanga ukitoka pande tofauti, maana kuna mstari unaonekana mwanga ukitoka kushoto na unapotea kabisa ukitoka juu.

Hatua ya 1: pima, andika, kabla hujasoma chochote

Uzito, upana wa pande mbili (kwa sababu sio duara), rangi ya fedha. Rangi ina maana. Za mwanzo, za Hacı Giray na mwanawe Mengli, ni fedha nzuri. Kadiri miaka inavyokwenda, hasa karne ya 17, fedha inachanganywa shaba zaidi na zaidi, mpaka nyingine zimeparuzika zinaonyesha wekundu kwenye sehemu zilizoinuka. Kwa hiyo ukiona wekundu usikimbilie kusema ni feki, kwanza angalia ni ya nani. Ila ukiona wekundu kwenye sarafu inayodai ni ya Hacı Giray, hapo kaa chini ufikiri.

Hatua ya 2: tafuta tamga

Tamga ndio alama ya ukoo. Ya akina Giray inaitwa tarak tamga, yaani tamga ya kitana: mstari wa juu umelala, kutoka hapo yanashuka meno matatu. Mpaka leo ipo kwenye bendera ya Watatari wa Crimea, ile ya bluu, kule kwenye kona ya juu, rangi ya njano. Kwenye sarafu inaweza kuwa kubwa katikati, inaweza kuwa kadogo kamebanwa kati ya maneno, na wewe unaweza kuwa umeshika sarafu kichwa chini miguu juu bila kujua, kwa hiyo zungusha mpaka meno yatazame chini. Ukishaipata una faida mbili kwa mpigo: umejua ni ya akina Giray, na umejua juu ni wapi, kwa hiyo upande huo sasa unasomeka. Upande wa pili hauna uhakika huo, maana muhuri wa juu ulishikwa kwa mkono na uligeuka unavyotaka.

Hamna tamga? Usiitupe. Kwanza inaweza kuwa imekatwa. Pili inaweza kuwa akche ya Waosmani wenyewe, zinafanana sana kwa umbo na uzito, tofauti ni kwamba pale utasoma jina la sultani wa Istanbul na hakuna kitana. Tatu, ukiona mpanda farasi na herufi za Kirusi, na sarafu imekaa kama yai lililobanwa, hiyo ni kopeki ya Moscow, walizipiga kwa kukata waya wa fedha, na tangu mageuzi ya 1535 uzito wake ulikuwa karibu gramu 0.68, kwa hiyo kwenye mafungu ya sarafu mchanganyiko zinakaa pamoja na akche kabisa. Na ukibahatika ukaona kitana upande mmoja, upande wa pili lango la ngome na herufi za Kilatini, hapo umeshika asper, yaani kisarafu cha fedha, ya Kefe ya enzi za Wagenoa, waliokuwa na mji wao wa biashara pale pwani mpaka Waosmani walipouteka mwaka 1475. Sarafu ya Wakristo wa Italia na khan Mwislamu kwenye kipande kimoja cha fedha, mimi hizo ndizo nazipenda kuliko zote.

Hatua ya 3: lisome jina, kisha jina la baba, na usiruke la baba

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpangilio wa kawaida ni fulani Giray Khan bin fulani Giray Khan. Anza na vitu vinavyojirudia. خان ni rahisi, kha na alifu na nuni. Giray inaandikwa كراى, kafu, rei, alifu, ye, na usitafute ile kafu yenye mstari wa ziada kama ya Kiajemi, hawakuiweka. بن wakati mwingine inavutwa ikawa mstari mrefu unaopita katikati ya sarafu, mtu akidhani ni pambo kumbe ndio "bin" yenyewe. Ukishayapata haya matatu, kinachotangulia "bin" (mara nyingi kiko juu) ni jina la khan na kinachofuata ni la baba yake. Wakati mwingine maneno yamepandishwa juu ya mengine kama matofali na mpangilio unaanzia chini kwenda juu, kwa hiyo usilazimishe mistari iliyonyooka kama ya msahafu.

Nukta usizitegemee. Mchonga muhuri aliweka alizotaka, na nyingine ni kasoro tu za fedha.

Sasa mtego. Jina Islam ni اسلام na jina Selamet ni سلامت. Angalia vizuri: sini, lamu, alifu, mimu zimo kwenye yote mawili kwa mpangilio uleule. Tofauti ni alifu ya mwanzo kwa Islam na te ya mwisho kwa Selamet, na hizo ndizo herufi za pembeni, yaani ndizo za kwanza kukatwa kipande cha fedha kikiwa kidogo. Umepata "slam" peke yake, ni nani? Na mbaya zaidi, Islam wa Tatu alikuwa mtoto wa Selamet, kwa hiyo sarafu yake ina majina yote mawili, moja juu moja chini! Dawa yake ni "bin". Slam inayotangulia "bin" ni khan, inayofuata ni baba. Kama "bin" nayo haionekani, nenda kwenye mwaka.

Na kwa nini nasema usiruke jina la baba? Kwa sababu hawakuandika "wa Kwanza" wala "wa Pili", hizo namba ni za wanahistoria. Chukua Mehmed. Yupo Mehmed bin Mengli, aliyetawala 1515 mpaka 1523. Yupo Mehmed bin Devlet, 1577 mpaka 1584. Yupo Mehmed bin Saadet, 1623 mpaka 1628. Na yupo Mehmed bin Selamet, aliyekalia kiti mara mbili, 1641 na tena 1654. Wote wanne jina moja, محمد, huwezi kuwatenganisha bila baba. Islam wapo pia: wa Pili ni bin Devlet, wa Tatu ni bin Selamet. Saadet na Selamet nayo yanafanana machoni kwa sababu yote yanaanza na sini na kuishia na te, ila Saadet ina aini katikati na Selamet ina lamu ndefu inayosimama.

Kuna familia nyingine inayosaidia kukariri: Selamet bin Devlet alitawala 1608 mpaka 1610 tu, lakini watoto wake watatu wote wakawa makhan, Bahadır, Mehmed wa Nne na Islam wa Tatu. Kwa hiyo ukisoma "bin Selamet Giray" kwenye sarafu ya karne ya 17 umeshaibana kati ya 1637 na 1666, kabla hata hujasoma jina la juu. Devlet wa Kwanza naye, huyu aliyeichoma Moscow mwaka 1571, baba yake Mübarek hakuwahi kuwa khan, ndio maana kwenye sarafu zake baba anaandikwa Sultan na sio Khan. Ukiona سلطان sehemu ambayo ulitegemea خان, usidhani ni Mwosmani. Kwa hawa watu "sultani" lilikuwa cheo cha mwana wa ukoo asiye na kiti.

Hatua ya 4: mji

Tafuta ضرب, dhuriba, maana yake imepigwa. Dhadi yake huvutwa, inachukua nafasi kubwa, kwa hiyo hata sarafu iliyochoka unaweza kuikuta. Baada yake ndio jina la mji. Za zamani utakuta قرق ير, Kırk Yer, ile ngome ya juu ya mwamba ambayo leo wanaiita Chufut-Kale, au قريم, Kırım, mji wa Solkhat. Kuanzia karne ya 16 ni باغچه سراى, Bakhchisaray, mji mkuu uliojengwa zama za Sahib Giray, 1532 na kuendelea. Neno ni refu, hutalipata zima, ila yale mawimbi ya سر yanayofuatwa na alifu na ye ni alama tosha. Wapo pia wa Gözleve, mji wa bandari upande wa magharibi. Hatua hii haina makuu, ukiona saray umemaliza.

Hatua ya 5: mwaka, na hapa watu wengi wanapotea

Mwaka ni wa Hijria, na tangu karne ya 16 mwaka ulioandikwa kwa kawaida ni ule khan alioingia madarakani, SIO mwaka sarafu ilipogongwa. Ni desturi waliyokuwa nayo Waosmani. Gazi wa Pili, huyu khan aliyekuwa mshairi, alikalia kiti 996 na sarafu zake zinasema 996, hata ile iliyogongwa miaka sita baadaye. Kwa hiyo muuzaji akikuandikia "sarafu ya mwaka 1588" mjibu kwa upole kwamba ni sarafu ya khan aliyeanza 1588, mwaka wenyewe wa kugongwa haupo hapo. Za Hacı Giray mambo ni tofauti, zile za 845, yaani 1441 au 1442, ndizo za mwanzo kabisa za ukoo huu.

Miaka ya kukariri, bandikeni ukutani: Sahib 939, Devlet wa Kwanza 958, Mehmed wa Pili 985, Islam wa Pili 992, Gazi wa Pili 996, Selamet 1017, Canibek 1019, Mehmed wa Tatu 1032, Bahadır 1047, Mehmed wa Nne 1051 na tena 1064, Islam wa Tatu 1054, Selim wa Kwanza 1082, Murad 1089. Canibek naye alirudi mara ya pili 1628, na Selim alikalia kiti mara nne kati ya 1671 na 1704, sultani wa Istanbul akiwatoa na kuwarudisha atakavyo, kwa hiyo kwa hawa mwaka ndio unaokwambia ni awamu gani.

Kubadilisha haraka: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 halafu ongeza 622. Kwa 958 unapata 929 na ushee, ongeza 622, ni 1551. Imekaa.

Tarakimu zina vituko vyake. Sifuri ni nukta, na nukta kwenye fedha iliyochoka hupotea ya kwanza, kwa hiyo 1054 utaiona kama moja, pengo, tano, nne. Tano inaweza kuwa kiduara, mtu akaisoma sifuri ya kizungu. Kumbuka kwamba mwaka 1000 wa Hijria ulianza 1591, kwa hiyo ukisoma tarakimu tatu zinazoanza na 9 uko karne ya 16, na ukiona moja mwanzoni uko mwishoni mwa hiyo karne au baada yake. Hapo peke yake umeshawafuta nusu ya makhan.

Hatua ya 6: ile penseli

Chora duara kubwa kwenye karatasi, chora kila mstari unaouona hata usioujua ni nini, kila upande peke yake, bila kujaribu kusoma. Ukishachora, weka sarafu pembeni, soma mchoro. Jicho likiwa kwenye sarafu linalazimisha herufi linazotaka, kwenye karatasi linatulia. Baada ya hapo ndio uingie Zeno, ile hifadhi ya picha za sarafu za mashariki kwenye intaneti, ulinganishe na za khan unayemdhania. Usianzie huko, utaona zote zinafanana na yako.

Feki

Sarafu mbili za nyundo haziwezi kuwa na ukingo mmoja. Muhuri unaweza kuwa mmoja, maandishi yakawa yaleyale, lakini mpasuko wa pembeni, umbo la kipande, sehemu ambayo nyundo haikufika, hivyo ni vya sarafu moja duniani. Kwa hiyo ukiona matangazo mawili yana sarafu zenye mpasuko uleule mahali palepale, zimemiminwa kwenye kalibu, kimbia. Kwa lenzi, ya kumiminwa ina vishimo vya mapovu na herufi zake ni laini kama sabuni iliyotumika, na ukingoni kunaweza kuwa na mshono uliopigwa tupa. Iliyogongwa kweli, fedha imetiririka kidogo kuelekea nje, na kingo za herufi zina makali hata pale zilipolika juu.

Kusafisha: bora usisafishe

Naomba sana. Ndimu hapana, chumvi hapana, dawa ya meno hapana, magadi na karatasi ya alumini hapana, na yule fundi wa mtaani wa kung'arisha bangili usimpelekee. Hizi ni nyembamba na fedha iliyokaa ardhini miaka 400 inakuwa kavu ndani, ukiikunja kidogo inavunjika kama biskuti ya maji. Na zile zenye shaba nyingi, asidi inakula shaba inaacha uso wenye vitobo, herufi ulizokuwa unazitafuta zimeondoka na uchafu. Udongo ukiwa mwingi, loweka kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), yale safi ya kujazia betri na sio asidi yake, siku kadhaa, badilisha maji, kisha tumia kijiti cha mwiba au mswaki laini wa mtoto bila kusugua. Basi.

Kuhifadhi, sisi wa pwani na nyie wa Muscat tuna hewa ya chumvi na unyevu, kwa hiyo weka kwenye bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo linalofunga, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Vifuko vya plastiki laini vya PVC viogope, baada ya muda vinatoa utomvu wa kijani unaonata kwenye fedha. Juu ya bahasha andika khan, baba, mji, mwaka, uzito, uliinunua wapi lini.

Kabla hujalipa

Akche nyingi zinazoelea sokoni zimechimbwa kwa mashine za kutafutia chuma bila kibali, na tangu 2014 Crimea iko chini ya ukaliaji wa Urusi, kwa hiyo kitu kilichotoka ardhini kule baada ya hapo kina matatizo ya kisheria, Umoja wa Ulaya kwa mfano una vikwazo juu ya bidhaa zinazotoka Crimea. Muulize muuzaji sarafu ilikuwa wapi kabla yake: mkusanyo wa zamani, mnada, risiti. Akijibu "nilirithi kwa babu" bila karatasi yoyote halafu ana nyingine 60 zenye udongo uleule, muage.

Na kwa kuwa kuna mtu lazima atauliza: ndiyo, na sisi tunazo za kwetu. Fungu la Mtambwe Mkuu kule Pemba, lililopatikana 1984, lilikuwa na visarafu vya fedha karibu 2,000, vingine vya Ali bin al-Hasan, mtawala anayehusishwa na Kilwa, navyo ni vidogo sana, na maandishi ya pande mbili yana vina. Njia ya kuzisoma ni hii hii, taa pembeni na penseli, isipokuwa hazina kitana wala mwaka. Lakini ukiokota ya Kilwa ufukweni usiilete inboksi uniulize bei, Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Zanzibar wana yao, ipeleke ofisi ya mambo ya kale ukiwa umeandika umeiokota wapi hasa.